Uzi Uliofupika

La Rochelle, Johannesburg
20 Agosti 2017

Kwa Dada yangu Bi. Zubeda Shekiondo,
Lushoto.

YAH: MBEGU, KIPIMO CHA SWETA NA HALI YANGU KWA UJUMLA

Assalaam aleikum.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwanza kabisa naomba kukujulia hali wewe, shemeji yangu Mansour, pamoja na binti yenu Tumu, nikitaraji kwamba barua hii itawakuta mkiwa na afya njema na kwamba baridi ya huko imeanza kulegea. Mimi huku ni mzima wa kuridhisha.

Nakiri kwa heshima kupokea mzigo ulioletwa na Bi. Yasmin, yule mfanyabiashara wa vitenge wa Tanga, ambaye hunikabidhi vitu vyangu mwenyewe kana kwamba ananigawia sadaka. Mbegu za kabichi, njegere na maharage zimefika salama.

Umelalamika kwamba sipokei simu. Nimekwisha kueleza kwamba simu ni chombo cha watu wasiojua watakachosema mpaka wawe wamekwisha kukisema. Mtu mwenye lugha huandika. Usisumbuke kunipigia, na ukipiga nisipopokea, usilitafsiri jambo hilo vinginevyo.

Sasa nije kwenye bustani. Nyuma ya nyumba ninamopanga chumba kuna kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba, kwa uvivu wake, amekiacha kiwe jaa. Nilimwandikia ombi rasmi la kukilima. Alijibu kwa neno moja tu, “Sharp,” yaani sawa, kwa ujumbe wa simu, na hicho ndicho kiwango cha elimu ya watu wanaomiliki majumba hapa. Nimekisafisha, nimekitifua, nimetengeneza matuta yaliyonyooka. Mti wa mpichi ulio pembeni umekwisha kutoa maua ya rangi ya waridi tangu juma lililopita, ishara dhahiri kwamba majira ya kuchipua yameingia. Miche yangu ya maharage niliyoiotesha dirishani nimeihamishia nje leo asubuhi.

Nusu ya kipande hicho imevamiwa na jirani yangu wa upande wa pili wa ubao, maana ukuta ule siwezi kuuita ukuta. Ni Mkongomani wa Butembo aitwaye Placide, mlinzi wa usiku katika duka la matairi, mwenye kifua kama pipa la mafuta na akili iliyozama humo humo. Yeye hupanda lengalenga, ambayo ni mchicha wetu uliokosa adabu. Aliniona nikipandikiza, akasimama na sufuria lake la maji machafu.

“Papa Bakiri,” akaniambia, “baridi ingali. Ngoja kwanza mvua inyeshe. Ile miti inadanganya watu.”

“Bwana Placide,” nikamjibu, “mimi nimezaliwa Lushoto. Tumewalisha watu wa Dar es Salaam mboga kabla wewe hujaonyeshwa jembe.”

“Eish,” akasema, akaenda zake. Huo ndio mjadala anaouweza.

Kuna kikohozi kidogo, nakitaja ili usije ukakisikia kwa Bi. Yasmin kikiwa kimetiwa chumvi. Ni cha vumbi. Upepo wa Agosti hupeperusha unga wa manjano kutoka katika vile vilima vya taka za migodi, na kila mtu wa upande huu wa mji hukohoa.

Kuhusu sweta, nimezungusha uzi kifuani chini ya kwapa kama ulivyoagiza, nikashusha pumzi, nikakata. Nimeuambatisha. Ningependelea rangi ya kijivu, inayomfaa mtu anayekaa mezani, wala si zile rangi zako za kasuku.

Naomba kuwasilisha.

Nduguyo mtiifu,
Bakiri Shekiondo
Mwandishi wa Barua na Maombi


Lushoto
12 Septemba 2017

Bakiri mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo. Goti la Mansour linamuuma akipanda mlima na haliumi akienda kunywa kahawa. Tumu yuko darasa la saba na amefanya mtihani wake wiki iliyopita. Anasema ulikuwa mwepesi, na kwa sauti uliyokuwa ukisema wewe, kwa hiyo nina wasiwasi. Mimi nafuma masweta ya wanafunzi wa shule ya bweni, ya bluu, mpaka nikifumba macho naona bluu.

Barua yako nimeisoma mezani. Tulipofika kwenye YAH, Mansour alimwaga chai. Ameniuliza kama akujibu salamu zako moja kwa moja au apitie kwa Mkuu wa Wilaya.

Kwa hiyo umepanda maharage kwa sababu mti umetoa maua. Mpichi ni mti mpumbavu kuliko yote, Bakiri. Hata hapa hutoa maua kila ukipata jua la siku mbili, kisha unajuta. Huko kwenu kuna jalidi ya kuunguza miche. Mimi sijawahi kuvuka Chalinze na ninalijua hilo. Mkongomani wako analijua. Wewe tu, uliyeilisha Dar es Salaam nzima mboga, ndiye hulijui. Na sikumbuki siku hata moja uliyoshika jembe hapa bila kuanza kutueleza namna ya kulishika.

Sasa nakuja kwenye uzi.

Unajua nyuzi zangu zinakaa wapi. Kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, kila mtu na uzi wake, kila uzi na fundo la rangi yake. Wako una fundo jeusi. Nilikupima kwa mkono wangu siku ulipoondoka, umesimama pale pale mlangoni, begi begani, unanikosoa kwa nini sijanyoosha uzi vizuri. Jana niliutundika uliouleta kando ya ule wa zamani. Nikadhani umekatika njiani. Nikazitazama ncha: zimekatwa kwa mkasi, zote mbili, safi kabisa, kazi ya mtu makini. Nikautundika tena. Bakiri, uzi wako umeishia pale unapoishia uzi wa Tumu.

Vumbi halimpunguzi mtu kifua.

Baba naye alikuwa na kikohozi cha baridi. Nyumba nzima ilisema ni baridi. Mimi nilikuwa nafuma, wewe ulikuwa unamsomea gazeti kwa sauti kubwa ili sauti ile nyingine isisikike, na hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa hata siku tulipokitoa kitanda chake katika chumba cha nyuma tukakichoma. Siandiki zaidi. Unakumbuka ninachokumbuka.

Simu yako inaita mpaka inachoka. Usiniambie habari za watu wenye lugha. Nimekwisha kuelewa kwa nini unapenda barua: kwenye karatasi mtu hakohoi.

Nenda kapimwe. Kisha uniandikie walivyosema, bila YAH.

Zubeda


La Rochelle, Johannesburg
1 Oktoba 2017

Kwa Bi. Zubeda Shekiondo,
Lushoto.

YAH: MAJIBU YA TUHUMA ZILIZOMO KATIKA BARUA YAKO YA TAREHE 12 SEPTEMBA 2017

Assalaam aleikum.

Tafadhali rejea mada tajwa. Nampa hongera Tumu kwa kumaliza mtihani wake, na goti la shemeji nalitakia nafuu kwa njia zote mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Barua yako imenifikia kupitia kwa Bi. Yasmin, nami nimeisoma kwa uvumilivu mkubwa. Ina kejeli nyingi na ushahidi mchache. Hata hivyo nitaijibu hoja kwa hoja, kwa sababu mimi si mtu wa kukimbia hoja.

Kuhusu bustani. Ni kweli kwamba siku chache kabla hujaniandikia, asubuhi moja niliamka nikakuta nyasi zimekuwa nyeupe kama zilizonyunyiziwa chumvi, na maharage yangu yote yamelala, meusi, yamelegea mithili ya mboga iliyochemshwa. Huo ni msiba wa hali ya hewa na unaweza kumpata mkulima yeyote. Placide alikuwa amefunika upande wake kwa magunia na blanketi la gari. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniudhi. Alitoka kazini na sare yake, akachuchumaa, akaligusa jani moja.

“Pole, Papa Bakiri. Kwetu Butembo kulima ni kazi ya mama, na mama angekuchapa.”

“Sikuomba pole.”

“Sikupi wewe. Nazipa maharage.”

Tangu hapo kila nikitoka nje kukohoa hujifanya anapalilia. Mtu mwenye ngozi ya kiboko anataka kunifundisha mimi habari za afya! Ameniambia mara mbili, “Twende ku clinique, Papa, haiko mbali.” Nimemjibu kwamba pale watu hupanga foleni wakikoholeana usoni, na kwamba mtu mzima aliyeingia humo hutoka akiwa mgonjwa. Akasema, “Basi utatoka vile unaingia.” Ninaandika maneno yake kama alivyoyatamka, ili uone ninaishi na watu wa namna gani.

Kuhusu uzi. Kipimo cha kwanza kilikuwa na kasoro. Nilijipima peke yangu, na mtu akijipima peke yake mikono huvuta. Hilo lingemtokea hata fundi. Nimerudia zoezi hili kwa umakini, kwa msaada wa shahidi, nami nimeambatisha uzi sahihi, ambao utaona kwamba hauna uhusiano wowote na uzi wa mtoto wa darasa la saba. Naomba ule wa awali uutupe, ili kumbukumbu zisichanganyike.

Kuhusu kikohozi. Kimebaki sauti tu.

Kuhusu yale ya chumba cha nyuma. Sioni uhusiano, na nakuomba tusiyarudie.

Naomba kuwasilisha.

Nduguyo mtiifu,
Bakiri Shekiondo
Mwandishi wa Barua na Maombi


Lushoto
25 Oktoba 2017

Bakiri mdogo wangu,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimeanza; barabara imekuwa uji na Mansour amepata sababu mpya ya kutokwenda shambani. Tumu anakusalimu.

Uzi wako wa pili umefika. Ni uzi mzuri sana, mrefu, wa mwanamume aliyeshiba. Nimeutundika msumarini peke yake. Umesema kweli, kipimo cha kwanza kilikuwa na kasoro, na mimi nilifanya haraka kukulaumu.

Masweta ya shule nimeyaweka kando nikafuma hili kwanza. Rangi ya kijivu, vifungo mbele, mfuko wa kalamu upande wa kushoto. Nimefuata uzi wako sawasawa, sikuongeza kitanzi wala sikupunguza. Nimempa Yasmin pamoja na maelezo namna ya kulikabidhi, maana si mzigo wa kumwachia mtu yeyote tu mlangoni.

Kuhusu mambo mengine sina la kuongeza. Umekataa kuyazungumza, nami nimekusikia.

Bustani ipande upya sasa. Maharage kwanza.

Zubeda


La Rochelle, Johannesburg
26 Novemba 2017

Kwa Bi. Zubeda Shekiondo,
Lushoto.

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MWENENDO WAKO

Assalaam aleikum.

Sitakujulia hali, kwa kuwa mtu aliyetenda ulichotenda bila shaka ni mzima.

Nilipoipokea barua yako ya Oktoba niliona jinsi ilivyojaa adabu, nikafurahi kwamba hatimaye umejifunza. Nilipaswa kujua. Katika maisha yako yote hujawahi kunikubalia jambo kwa mkupuo mmoja.

Jumamosi ya tarehe 11, Bi. Yasmin aliingia uani wakati wapangaji wote wako nje wakifua. Hakuja mlangoni kwangu. Alisimama katikati, akalikamata sweta kwa mabega yake, akalinyanyua kama anayelinadi.

“Haya jamani! La nani hili? Nimeambiwa nimtafute mwenye kifua.”

“Ni langu, Bi. Yasmin,” nikasema. “Limefumwa na dada yangu kwa ajili yangu.”

“Livae basi, babu.”

Nililivaa. Sina haja ya kukueleza lilivyokaa. Wewe ndiye uliyelifuma na ulijua. Mabega yalishuka hadi viwikoni. Mbele niliweza kulifunga, kisha nikabaki na nafasi ya kufunga tena.

“Mashallah,” akasema Bi. Yasmin. “Na mwenzako atakayeingia humo yuko wapi?”

Wanawake waliacha kufua ili wacheke vizuri. Watoto wao nao walicheka, wale wanaoelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kizulu. Mwanamke huyo akalivua mwilini mwangu, naam, kwa mikono yake, akaenda moja kwa moja kwenye lengalenga na kumvisha Placide. Kila kifungo kiliingia mahali pake. Hata mfuko wa kalamu ulikaa pale moyo unapokaa. Kisha akatoa karatasi iliyobanwa kwa pini ndani ya shingo. “Hii ni ya aliyeenea,” akasema, “si ya aliyetumiwa.”

Placide aliisoma kwa sauti, polepole, kwa matamshi yake. Nainukuu hapa neno kwa neno, ili ujionee aibu yako kwa mwandiko wangu:

“Ndugu nisiyekujua. Mdogo wangu Bakiri ameniletea kipimo cha kifua chako akidai ni chake. Yeye hana rafiki. Tangu utotoni huwakosoa watu mpaka wanaondoka. Lakini wewe ulinyanyua mikono ukasimama kimya, ukamwacha akuzungushie uzi, na nina hakika alikuwa akikutukana wakati huo huo. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta. Sweta ni lako, lichakae mwilini mwako kwa heri. Nina ombi moja. Mshike mkono umpeleke akapimwe kifua. Atakataa kwa maneno mazuri sana. Usiyasikilize maneno. Baba yetu pia alikuwa na maneno mazuri. Ni mimi, Zubeda.”

Uani hapakuwa na aliyecheka tena. Placide aliikunja karatasi, akaitia katika mfuko uliokuwa wa kalamu zangu.

“Papa Bakiri, vaa viatu.”

Nilimweleza kwa utulivu kwamba ninazo sababu tatu za msingi za kutokwenda.

“Sema yote,” akanijibu. “Mi nangoja.”

Nikaitaja ya kwanza. Nikaitaja ya pili. Katika ya tatu nikaanza kukohoa, na nilipomaliza sikuikumbuka. Ndipo mtoto mmoja, kisichana cha chumba cha mbele, akakohoa nyuma yangu. Hakuwa anaumwa. Alikuwa akiniigiza. Alianza na ule mkwaruzo mdogo, akanyamaza kidogo kama ninavyonyamaza, akashika ubavu, kisha akaachia ule mkubwa. Ilikuwa sawa kabisa, Zubeda. Mama yake alimpiga kofi, lakini nilikuwa nimekwisha kuisikia. Ilikuwa ni sauti ya chumba cha nyuma.

Miezi yote hii nilikuwa nikikohoa ndani ya taulo nikidhani nafanya siri.

“Nyumba yote inasikia,” akasema Placide. “Mi narudi ku kazi asubui, nataka kulala, nasikia wewe. Unafikiri ni kwa nini nakuambia clinique, clinique? Nakupenda? Mi nataka kulala.”

Nikavaa viatu.

Nisikuchoshe kwa maelezo ya kliniki. Foleni ilikuwepo kama nilivyotabiri. Muuguzi alinipa kikopo na kuniambia “khwehlela, baba,” na niliposema sielewi akanionyesha kwa vitendo, mbele ya umma, namna ya kuyatoa makohozi. Placide alikaa kando yangu na sweta lake la kijivu, jua la Novemba likiwaka, jasho likimtiririka, akakataa kulivua. Tuliporudi kuchukua majibu, walilitaja jina la ugonjwa wazi wazi kana kwamba wanataja jina la mtaa. Sitaliandika hapa. Nimepewa vidonge vya miezi sita. Wapangaji wote wameitwa kupimwa kwa ajili yangu, na watoto wao. Wako salama, Mungu ashukuriwe, nao wamenishukuru kwa macho.

Lililo baya zaidi ni kwamba kila asubuhi, akitoka lindoni, Placide husimama mlangoni pangu mpaka nimeze. Hutazama koo langu. Kisha huniletea bakuli la lengalenga aliyoitia karanga, na nimemweleza mara kadhaa kwamba ni mchicha na si zaidi ya hapo.

Umenivua nguo mbele za watu, umempa mgeni sweta langu, na umeniweka chini ya ulinzi. Nataka maelezo ya maandishi.

Naomba kuwasilisha.

Bakiri Shekiondo


Lushoto
20 Desemba 2017

Bakiri,

Sisi hatujambo. Tumu amefaulu, anakwenda kidato cha kwanza. Malalamiko yako yamepokelewa, yamesomwa jikoni, na yametupiliwa mbali pamoja na gharama.

Jina ulilokataa kuliandika ni kifua kikuu. Tazama, nimeliandika, na mkono haukukatika. Laiti mmoja wetu angeliandika siku zile.

Sweta sikufumii. Nikikufumia kwa kipimo ulicho nacho leo utaridhika nalo ubaki hivyo hivyo, nakujua. Naurudisha ule uzi wako wa kwanza, mfupi, ambao uliniagiza niutupe. Kaa nao. Kila ukimaliza pakiti ya vidonge jizungushie, bila shahidi. Maadamu ncha zinagusana, usiniandikie neno. Siku ncha zitakapokataa kugusana, niletee.

Na huyo Placide mwambie ahsante. Si kwa maandishi. Kwa mdomo, na usimkosoe jibu lake.

Zubeda


La Rochelle, Johannesburg
4 Machi 2018

Dada Zubeda,

Assalaam aleikum. Natumaini hamjambo nyote, na kwamba Tumu ameizoea sekondari bila kuanza kuwasahihisha walimu.

Umeniamuru nikae kimya nami nimetii, jambo ambalo Bi. Yasmin amelieleza katika mji huu wote kama muujiza.

Maharage niliyopanda upya baada ya mvua yamezaa. Placide anasema yamezaa kwa sababu alikuwa akinyunyizia maji ya vyombo wakati mimi nimelala. Nimekataa maelezo hayo. Vilevile ameanza kupanda kabichi zangu upande wake, amezisogeza mno, na ninapomwambia hujibu kwamba kwao kabichi hupenda kuongea. Katika nyumba hii mimi ni mgonjwa wa mtu asiyejua nafasi kati ya mche na mche.

Yule msichana wa chumba cha mbele alijaribu kuniigiza tena wiki iliyopita. Alianza, akaona hajui afanye nini baadaye. Akaacha.

Nilimwambia Placide ahsante kama ulivyoagiza. Akasema, “Ya nini?” Sikumkosoa.

Jana asubuhi nilijizungushia uzi. Nilidhani nimeukunja mahali, nikaunyoosha, nikajizungushia upya. Placide alikuwa mlangoni akisubiri nimeze, ameniona ninavyohangaika. Alivuta uzi kutoka ndani ya pindo la sweta lake, akaukata kwa meno, akanipa. Nimeufunga kwenye zile ncha mbili kuziba pengo, nami nakuletea uzi wote kama ulivyoagiza. Hicho kipande cha kijivu ndicho kilichoongezeka. Si kirefu, lakini usikikate.

Ijumaa baada ya sala nitakupigia simu. Sijaandaa nitakachosema. Pokea.

Bakiri